Uoksidishaji na upunguzaji: mwongozo kamili wa kufuata elektroni, kuanzia msumari hadi bureti

Wanafunzi wengi wanaoiogopa mada hii waliingizwa kwa mlango usio wake. Walikaririshwa kwamba uoksidishaji ni kuongeza oksijeni na upunguzaji ni kuondoa oksijeni, basi. Maana hiyo ilitosha enzi za Antoine Lavoisier, Mfaransa aliyeonyesha katika miaka ya 1770 kwamba kitu kinapoungua kinaungana na oksijeni. Ipeleke kwenye mmenyuko wa sodiamu na klorini uone inavyokwama: oksijeni haipo hata kidogo, na bado sodiamu imeoksidishwa. Mwaka 1897 J. J. Thomson aliigundua elektroni, na ndiyo inayotupa maana inayofanya kazi kila mahali:

Uoksidishaji ni kupoteza elektroni. Upunguzaji ni kupata elektroni.

Elektroni hazipotei hewani. Zikitoka kwa mmoja lazima ziingie kwa mwingine, kwa idadi ileile, ndani ya mmenyuko uleule. Kwa hiyo mambo haya mawili hayatokei kimojakimoja kamwe. Kazi yako katika kila swali ni kujua nani katoa, nani kapokea, na ngapi. Ukijibu hayo matatu umemaliza mada nzima. Mengine yote ni mbinu za kuhesabu.

Anza na kitu unachokiona: msumari na mrututu

Kabla ya kanuni yoyote, fanya jaribio hili. Unahitaji msumari wa chuma wa kawaida (usiwe uliopakwa zinki), msasa, na mrututu, yaani salfeti ya shaba, zile fuwele za buluu ambazo wakulima huzitumia kupambana na kuvu.

Sugua msumari kwa msasa hadi ung'ae. Yeyusha kiasi cha kijiko kidogo cha mrututu katika nusu glasi ya maji, kisha zamisha nusu ya msumari na uache kwa dakika kumi hivi. Ukiutoa utakuta sehemu iliyozama imevaa tabaka jekundu la kahawia. Hiyo ni shaba. Ukitumia steeliwaya nyingi badala ya msumari na kuiacha usiku kucha, rangi ya buluu ya maji nayo itafifia.

Mrututu ni sumu. Usitumie vyombo vya jikoni, nawa mikono, na mabaki usiyamwage mtoni wala kwenye bwawa, kwa kuwa shaba iliyoyeyuka huua samaki.

Sasa tazama kilichotokea. Atomu za chuma zilitoa elektroni mbili kila moja na kuingia majini zikiwa ayoni, yaani chembe zenye chaji:

Fe → Fe²⁺ + 2e⁻

Ayoni za shaba zilizokuwa majini zikazipokea na kuganda juu ya msumari:

Cu²⁺ + 2e⁻ → Cu

Jumlisha, elektroni zikatike pande zote mbili:

Fe + Cu²⁺ → Fe²⁺ + Cu

Salfeti, SO₄²⁻, ilikuwepo muda wote lakini haikutoa wala kupokea. Ni mtazamaji, tunaiacha nje ya mlinganyo wa ayoni.

Hapa ndipo yanapoingia maneno mawili yanayowanyima watahiniwa alama kila mwaka. Kioksidishaji ni kile kinachochukua elektroni za mwenzake, na kwa kufanya hivyo chenyewe kinapunguzwa. Kipunguzaji ni kile kinachotoa elektroni, na chenyewe kinaoksidishwa. Katika jaribio letu Cu²⁺ ni kioksidishaji na Fe ni kipunguzaji. Jambo jingine: unapoulizwa kioksidishaji, taja chembe nzima iliyo upande wa kushoto wa mshale. Katika pamanganeti (ayoni ya zambarau ya manganizi na oksijeni) jibu ni MnO₄⁻, si "manganizi".

Hatua ya kwanza: namba za uoksidishaji

Kwenye msumari chaji zilionekana wazi. Kwenye MnO₄⁻ au CO₂ hazionekani, kwa sababu elektroni zinashirikiwa kwenye bondi. Ndiyo maana tuna namba ya uoksidishaji: ni chaji ambayo atomu ingekuwa nayo endapo elektroni zote za kila bondi zingepewa ile atomu inayovuta zaidi. Ni hesabu tu. Manganizi ndani ya MnO₄⁻ ina namba +7, lakini hakuna atomu pale inayotembea na chaji saba halisi. Tuliikubali hesabu hiyo kwa sababu inatuonyesha elektroni zilikohamia.

Kanuni zake mara nyingi hufundishwa pamoja na orodha ndefu ya vighairi. Mimi napendelea kuzipanga kwa ukubwa: zinapogongana, iliyo juu ndiyo inayoshinda, na vighairi vinatoweka vyenyewe.

1. Elementi iliyo peke yake ina 0. Fe, O₂, Cl₂, S₈, zote sifuri.
2. Jumla ya namba zote ni sawa na chaji ya chembe nzima: 0 kwa kampaundi, na chaji yake kwa ayoni.
3. Florini katika kampaundi ni −1 daima.
4. Metali za kundi la kwanza (Li, Na, K) ni +1, za kundi la pili (Mg, Ca) ni +2, alumini ni +3.
5. Hidrojeni ni +1.
6. Oksijeni ni −2.
7. Klorini, bromini na iodini ni −1.

Jaribu vile vinavyoitwa vighairi. NaH: sodiamu iko juu ya hidrojeni, inachukua +1, basi hidrojeni haina budi kuwa −1. H₂O₂: hidrojeni mbili zimechukua +2, oksijeni mbili zinagawana −2, kila moja −1. OF₂: florini mbili ni −2, oksijeni inabaki na +2. ClO⁻: oksijeni ni −2, jumla ni −1, klorini ni +1. Hukuhitaji kukariri hata kimoja.

Sasa MnO₄⁻. Oksijeni nne ni −8, jumla ni −1, hivyo Mn = +7. Na SO₄²⁻: −8, jumla −2, S = +6. Kwenye SO₃²⁻ salfa ni +4.

Ukipata sehemu, usishtuke. Fe₃O₄ inakupa chuma +8/3. Huo ni wastani: katika kila chuma tatu, moja ni +2 na mbili ni +3.

Fanya hii iwe desturi: andika namba juu ya kila atomu, pande zote mbili za mshale, kabla ya kusema lolote. Namba ikipanda, atomu imeoksidishwa. Ikishuka, imepunguzwa. Isipobadilika hata moja, mmenyuko huo si wa aina hii kabisa.

Hatua ya pili: kutambua ni upi na si upi

Chukua tanuri la chokaa, lile la pwani wanalochomea matumbawe. Matumbawe ni kalisiamu kaboneti:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Kalisiamu +2 na +2. Kaboni +4 na +4. Oksijeni −2 popote. Pamoja na moto wote ule, hakuna elektroni iliyohama. Lakini kuni zinazowaka chini yake ni jambo jingine: kaboni ya kwenye mti inapanda hadi +4 na oksijeni ya hewani inashuka kutoka 0 hadi −2. Tanuri moja, mimenyuko miwili, na ni mmoja tu unaohusu mada yetu. Moto si kipimo. Kipimo ni namba. Vilevile asidi ikikutana na besi (HCl + NaOH) hakuna namba inayobadilika, wala nitreti ya fedha ikikutana na chumvi ya mezani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Kagera. Wahaya walizalisha chuma kutoka kwenye mawe zaidi ya miaka 1500 iliyopita, na watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika habari zake katika jarida la Science mwaka 1978, baada ya wazee wa Kihaya kujenga tanuri upya na kuonyesha kazi yenyewe. Shimo la chini lilikandikwa udongo wa kichuguu na kujazwa matete ya bwawani yaliyochomwa, juu yake mkaa na mawe ya chuma, na mivukuto ikapuliza hewa kupitia mirija ya udongo. Tuandike mmenyuko mkuu:

Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂

Chuma kinatoka +3 kwenda 0, kila atomu inapokea elektroni tatu, na kwa kuwa ni mbili zinapokea sita. Kaboni inatoka +2 kwenda +4, kila moja inatoa mbili, tatu zinatoa sita. Sita kwa sita. Kipunguzaji ni kaboni monoksidi, inayotengenezwa na mkaa ukiungua pasipo hewa ya kutosha, na matete yale yaliyochomwa yaliongeza kaboni ndani ya tanuri. Tanuri kubwa za kisasa hutegemea mlinganyo huuhuu.

Kwenye kemia ogania kanuni ni zilezile, ila namba za kaboni ni za wastani. Tembo la mnazi likiachwa wazi linageuka siki kwa sababu bakteria huoksidisha ethanoli kwa oksijeni ya hewani:

C₂H₅OH + O₂ → CH₃COOH + H₂O

Kaboni katika ethanoli ina wastani wa −2, katika asidi ya siki ni 0. Kaboni mbili zimetoa elektroni nne. Oksijeni mbili zimepokea nne. Ndiyo maana anayetaka tembo lisichache upesi hulifunika, na anayetaka siki huliacha lipate hewa.

Kuna pia mimenyuko ambayo elementi moja inapanda na kushuka kwa wakati mmoja. Klorini ikiingizwa kwenye alikali baridi:

Cl₂ + 2OH⁻ → Cl⁻ + ClO⁻ + H₂O

Atomu moja ya klorini imeshuka hadi −1, nyingine imepanda hadi +1. Hivyo ndivyo dawa ya kung'arishia nguo inavyotengenezwa. Mmenyuko huo hurudi nyuma ukitia asidi, na gesi ya klorini hutoka. Kwa hiyo usichanganye kamwe dawa hiyo na siki, ndimu au asidi ya kusafishia choo. Gesi hiyo inaunguza mapafu.

Hatua ya tatu: kusawazisha kwa nusu-milinganyo

Hapa ndipo muda wa mtihani unapoliwa, kwa hiyo twende polepole. Tuchukue pamanganeti na ayoni za chuma(II) ndani ya asidi. MnO₄⁻ inakuwa Mn²⁺, na Fe²⁺ inakuwa Fe³⁺.

Tenganisha kwanza. Chuma ni rahisi:

Fe²⁺ → Fe³⁺ + e⁻

Manganizi inataka utaratibu. Andika MnO₄⁻ → Mn²⁺. Atomu za manganizi ziko sawa, moja kwa moja. Oksijeni nne ziko kushoto tu, basi ongeza maji manne kulia. Sasa kuna hidrojeni nane kulia, basi ongeza H⁺ nane kushoto:

MnO₄⁻ + 8H⁺ → Mn²⁺ + 4H₂O

Chaji ndiyo ya mwisho. Kushoto ni −1 + 8 = +7, kulia ni +2. Ongeza elektroni tano kushoto:

MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5e⁻ → Mn²⁺ + 4H₂O

Sasa jihakiki kwa namba: manganizi imetoka +7 hadi +2, tofauti tano. Elektroni ulizoweka ni tano. Zisipolingana, umekosea mahali, na ni afadhali ujue sasa kuliko mwishoni. Uhakiki huu hauchukui hata sekunde kumi, na sielewi kwa nini vitabu vingi haviusisitizi.

Manganizi inataka tano, chuma kinatoa moja. Zidisha mlinganyo wa chuma kwa tano, jumlisha, elektroni zinakatika:

MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5Fe²⁺ → Mn²⁺ + 4H₂O + 5Fe³⁺

Hakiki chaji: kushoto −1 + 8 + 10 = +17; kulia +2 + 15 = +17. Imekaa.

Mpangilio wa kukumbuka basi ni huu: elementi kuu, oksijeni kwa maji, hidrojeni kwa H⁺, chaji kwa elektroni. Usiruke.

Kwenye alikali wengi wanababaika bila sababu. Sawazisha kama vile kuna asidi, kisha mwishoni ongeza OH⁻ pande zote mbili kwa idadi ya H⁺ iliyobaki. Tuone pamanganeti na salfaiti, ambapo manganizi inaishia kuwa MnO₂, masimbi (chembe ngumu zisizoyeyuka) ya rangi ya kahawia:

MnO₄⁻ + 4H⁺ + 3e⁻ → MnO₂ + 2H₂O
SO₃²⁻ + H₂O → SO₄²⁻ + 2H⁺ + 2e⁻

Tatu na mbili hukutana kwenye sita. Wa kwanza zidisha kwa mbili, wa pili kwa tatu, jumlisha na ukate vinavyofanana:

2MnO₄⁻ + 3SO₃²⁻ + 2H⁺ → 2MnO₂ + 3SO₄²⁻ + H₂O

Zimebaki H⁺ mbili. Ongeza OH⁻ mbili kila upande. Kushoto zinaungana na H⁺ kuwa maji mawili, moja linakatika na lile la kulia:

2MnO₄⁻ + 3SO₃²⁻ + H₂O → 2MnO₂ + 3SO₄²⁻ + 2OH⁻

Chaji −8 na −8. Oksijeni 18 na 18.

Hatua ya nne: kuipeleka kwenye bureti

Mlinganyo ule wa pamanganeti na chuma si wa kwenye karatasi tu. Ndio tunaopimia kiasi cha chuma katika maabara. Pamanganeti inakaa kwenye bureti (mrija wa kioo wenye vipimo, unaodondosha tone kwa tone), chuma(II) pamoja na asidi ya salfuriki iliyozimuliwa kwenye chupa ya chini. Kila tone la zambarau linaloanguka linapoteza rangi, kwa kuwa Mn²⁺ karibu haina rangi. Chuma kikiisha, tone linalofuata halina wa kulipunguza, na maji yanabaki na uwaridi hafifu. Simama hapo. Huhitaji kiashiria kingine.

Tuseme sentimita za ujazo 25.0 za chuma(II) zilihitaji 20.0 za pamanganeti ya 0.020 M (moli kwa lita). Moli za MnO₄⁻ ni 0.020 × 0.0200 = 0.00040. Mlinganyo unasema moja kwa tano, hivyo Fe²⁺ ni moli 0.0020. Gawanya kwa lita 0.0250: 0.080 M. Anayesahau ile tano anapata jibu dogo mara tano, na chanzo cha kosa si hesabu, ni kutosawazisha.

Kwa nini asidi ya salfuriki na si hidrokloriki? Kwa sababu pamanganeti ina nguvu ya kuoksidisha Cl⁻ kuwa klorini, na hapo utatumia pamanganeti nyingi kuliko inayostahili. Asidi ya nitriki nayo haifai, maana yenyewe ni kioksidishaji na ingekushindania chuma.

Hatua ya tano: kutabiri nani atampa nani

Nguvu ya kuvuta elektroni hupimwa kwa volti, kwenye jedwali la potensheli sanifu. Hizi chache zitakufikisha mbali:

Mg²⁺/Mg −2.37
Zn²⁺/Zn −0.76
Fe²⁺/Fe −0.44
Sn²⁺/Sn −0.14
Cu²⁺/Cu +0.34
Fe³⁺/Fe²⁺ +0.77
Cl₂/Cl⁻ +1.36
MnO₄⁻/Mn²⁺ +1.51

Katika kila jozi, wa kulia ndiye anayeweza kutoa na wa kushoto ndiye anayeweza kupokea. Aliye juu kwenye orodha hii hutoa elektroni, aliye chini huzipokea. Chuma kiko juu ya shaba, ndiyo maana msumari ulivaa shaba. Chovya waya wa shaba kwenye salfeti ya chuma(II) usubiri hata mwezi, hakuna kitu. Pamanganeti iko chini ya klorini kwa volti 0.15, na hilo ndilo jibu la swali la asidi hapo juu.

Ukitenganisha mtoaji na mpokeaji kwenye vyombo viwili na kuwaunganisha kwa waya na daraja la chumvi (njia ya kupitisha ayoni), elektroni zinalazimika kupita kwenye waya, nawe umepata umeme. John Frederic Daniell alitumia wazo hilo mwaka 1836 kwa zinki na shaba: 0.34 − (−0.76) = volti 1.10. Betri ya limau, yaani zinki na shaba zilizochomekwa kwenye limau, nayo hutegemea zinki kutoa elektroni, ingawa watu huamini umeme unatoka kwenye limau. Unatoka kwenye zinki inayoliwa. Betri ya tochi ya zinki na kaboni iliyoisha huvuja kwa sababu kopo lake ni la zinki na limetumika.

Kutu nayo inasomeka hapa. Chuma kinatoa elektroni, na oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji inazipokea:

O₂ + 2H₂O + 4e⁻ → 4OH⁻

Chumvi haichukui elektroni hata moja, lakini inawezesha ayoni kusafiri haraka majini, na ndiyo sababu paa la Tanga au Lamu huchakaa mapema kuliko la Dodoma. Mabati yanapakwa zinki kwa kuwa zinki iko juu ya chuma: hata yakikwaruzwa, zinki iliyo jirani inaendelea kutoa elektroni na chuma kinabaki salama hadi zinki iishe. Kopo la chakula lililopakwa bati (hapa ni metali ya Sn, si bati la paa) ni kinyume chake. Bati iko chini ya chuma, ikikwaruzwa chuma ndicho kinachoanza kuliwa, tena kwa kasi.

Jipime

Funika majibu, ufanye kwa kalamu.

(a) Tafuta namba ya kromiamu katika Cr₂O₇²⁻. (b) Sawazisha Cr₂O₇²⁻ na Fe²⁺ katika asidi, ambapo kromiamu inakuwa Cr³⁺. (c) Katika 2H₂O₂ → 2H₂O + O₂, kioksidishaji ni nani?

Majibu: (a) Oksijeni saba ni −14, jumla −2, kromiamu mbili zinagawana +12, kila moja +6. (b) Kila kromiamu inapokea tatu, jumla sita, hivyo: Cr₂O₇²⁻ + 14H⁺ + 6Fe²⁺ → 2Cr³⁺ + 7H₂O + 6Fe³⁺, chaji +24 pande zote mbili. (c) H₂O₂ yenyewe, nayo ndiyo kipunguzaji pia: oksijeni zake ni −1, nusu zinashuka hadi −2 ndani ya maji na nusu zinapanda hadi 0 ndani ya O₂.